Maswali ya Wasomaji: Dawa ya Kukojoza Mbele ya Homa ya Kupe

Tangu mvua zianze, barua zinazotufikia kutoka Rungwe hadi Mufindi zimekuwa zikizunguka jambo moja: iwapo dawa za kukojoza, zile wanazoandikiwa wagonjwa wa presha na wa moyo, zina lolote la kufanya na magonjwa ya bakteria yanayoenezwa na kupe. Tumechagua barua nne. Ya kwanza tumeipa nafasi kubwa kwa sababu mwandishi wake ameeleza kila hatua aliyopitia bila kujificha, na kwa sababu mnyama wake amekufa.

SWALI: Shikamoo Daktari. Mimi ni mfugaji wa ng'ombe wa maziwa hapa Kiwira, wilayani Rungwe. Nina ng'ombe watatu wa kufugia bandani. Mwezi wa tisa nilinunua mbuzi sita waliotoka Usangu, nikawaweka katika banda linalopakana na la ng'ombe. Mwezi wa kumi na moja mtamba wangu, mwenye mimba ya miezi mitano, aliacha kula jioni. Kesho yake alishinda amezubaa, na asubuhi iliyofuata akawa anatembea akiinua miguu juu kama anayevuka mto, anatafuna ilhali hana kitu mdomoni, na anahema haraka haraka. Muuzaji wa duka moja la dawa za mifugo aliniambia kwamba huo ni ugonjwa wa maji moyo, na kwa kuwa moyo umejaa maji, tiba yake ni kuyatoa. Kijana wangu naye alikuwa amesoma kwamba watafiti wameona uhusiano kati ya dawa ya kukojoza na ugonjwa wa bakteria wa kupe, tukaona maneno ya dukani na ya kitabuni yamekubaliana. Mama yangu mzazi hutumia Lasix. Tulisaga vidonge vyake kumi, tukavikoroga kwenye maji, tukamnywesha mtamba kwa chupa ya soda. Alikojoa kweli. Usiku huohuo alianguka, akapiga miguu kama anayeogelea, na alfajiri haikumkuta. Je, tulikosea dawa au tulikosea kipimo? Na hawa wawili waliobaki nifanye nini? Ndaga fijo. — Mfugaji, Kiwira

JIBU: Marahaba, na pole sana. Mtamba wa mimba ya miezi mitano hafi peke yake. Anakwenda na ndama na maziwa ya mwaka mzima uliokwisha kuyapigia hesabu. Kwa kuwa umeuliza waziwazi, nami nitakujibu waziwazi: kosa halikuwa la kipimo. Hata mngesaga vidonge hivyo kwa hesabu sahihi kabisa, dawa hiyo isingemgusa mdudu aliyekuwa anaua. Kilichohitajika ni sindano ya antibiotiki iitwayo oksitetrasaiklini, na saa yake ilikuwa jioni ile alipoacha kula, si asubuhi alipoanza kuinua miguu.

Maji moyo huletwa na bakteria aitwaye Ehrlichia ruminantium. Kwamba kupe ndiye anayeupeleka ugonjwa huu kutoka mnyama hadi mnyama kulithibitishwa na mtaalamu wa wadudu Lounsbury huko Afrika Kusini mwaka 1900, na bakteria mwenyewe akaonekana kwa mara ya kwanza chini ya darubini ya mtafiti Cowdry, katika taasisi ya utafiti wa mifugo ya Onderstepoort nchini humohumo, mwaka 1925. Kupe wa kwetu anayembeba ni yule mkubwa mwenye mgongo wa rangirangi na miguu yenye pete nyeupe, ambaye wanasayansi humwita Amblyomma variegatum, na ambaye wafugaji wa Usangu wanamjua kwa vidonda anavyoacha kwenye viwele na mapajani. Kupe huyu ana desturi inayoeleza kalenda ya msiba wako. Katika maisha yake hunyonya wanyama watatu tofauti, na baada ya kila mlo hudondoka chini, akajificha kwenye nyufa au majani, akajivua ngozi, kisha akatafuta mnyama mwingine. Kupe wachanga waliokuja na mbuzi wako mwezi wa tisa walishiba wakadondoka bandani, wakakaa wiki kadhaa wakikua, ndipo wakampanda mtamba. Baada ya hapo bakteria hukaa wiki mbili hadi tatu mwilini kabla homa haijapanda. Ukijumlisha, unafika mwezi wa kumi na moja. Mbuzi wenyewe, kwa kuwa wamezaliwa na kukulia kwenye kupe hao, wanaweza kuonekana wazima kabisa, huku ng'ombe wako wenye damu ya kizungu hawajawahi kukutana na ugonjwa huo hata siku moja.

Sasa tuje kwenye hayo maji, kwa sababu jina la ugonjwa ndilo lililowapoteza. Miaka mingi iliyopita, nikiwa bado kijana kazini, nilipasua mbuzi aliyekufa kwa maji moyo karibu na mto mmoja wa Usangu. Mfuko unaofunika moyo ulikuwa umevimba ukang'aa kama puto. Nilipouchoma kwa ncha ya kisu yalitoka maji ya rangi ya majani makavu, karibu kikombe kizima, nikayakinga kwenye bakuli la bati. Nilipomaliza kuangalia mapafu na kurudi kwenye bakuli, yale maji yalikuwa yameanza kuganda, yakitikisika kama uji wa muhogo uliopoa. Maji ya kawaida hayagandi. Yale yalikuwa yamejaa protini za damu, na protini hizo hazina ruhusa ya kutoka nje ya mishipa ya mnyama mzima. Nilielewa siku ile, kuliko nilivyoelewa darasani, kwamba moyo wa mnyama huyu haukuwa umeshindwa kazi. Ni mishipa iliyokuwa ikivuja.

Bakteria huyu huishi na kuzaliana ndani ya seli zilizotandikwa kwenye kuta za ndani za mishipa midogo ya damu. Kuta hizo zikilegea, maji na protini hutoka kwenye damu na kuingia kwenye mapafu, kifuani, kwenye mfuko wa moyo na kwenye ubongo, na damu inayobaki ndani huwa nzito na pungufu. Msomaji wa Mbarali ataelewa haraka nikimwambia afikirie mfereji wa mpunga wenye kingo zilizopasuka. Jaruba la kando limefurika, na wale wa chini hawapati maji. Ukienda kwenye banio ukapunguza maji yanayoingia mferejini, jaruba lililofurika halikauki leo wala kesho, lakini wale wa chini wanakosa hata kidogo walichokuwa wakipata. Dawa ya kukojoza hufanya kazi kwenye banio. Furosemidi, ambayo ndiyo iliyomo ndani ya Lasix, huzuia figo zisirudishe chumvi kwenye damu, na chumvi ikitoka kwenye mkojo hutoka na maji. Maji hayo yanatolewa kwenye damu. Kwa bibi mwenye moyo uliochoka, ambaye damu yake imejaa maji kupita uwezo wa pampu, hilo ni jambo jema. Kwa mtamba ambaye damu yake ilikuwa tayari imepungukiwa, kukojoa sana mlikokuona kama nafuu kulikuwa ni kuongeza upungufu, na pamoja na maji alipoteza potasiamu aliyokuwa haipati tena kwa kuwa hali.

Kuhusu kipimo, nikijibu tu kwa sababu umeuliza: furosemidi ya ng'ombe kwa kawaida ni sindano, na kipimo kilichoandikwa kwenye lebo za dawa hiyo huko Marekani kwa ng'ombe mzima ni miligramu 500 kwa siku. Kidonge cha kawaida cha binadamu kina miligramu 40, na kikipita kwenye tumbo lenye lita nyingi za majani yaliyochachuka hakuna anayeweza kukuambia ni kiasi gani kitafika kwenye damu na saa ngapi. Lakini kuna jambo linalonisumbua zaidi ya vidonge, nalo ni chupa. Mnyama anayehema haraka na ambaye ubongo wake umeshaguswa, hamezi vizuri. Ukimwinua kichwa na kummiminia maji kwa nguvu, sehemu yake huingia kwenye njia ya hewa, na mapafu ambayo tayari yana povu huongezewa maji mengine kutoka juu. Tafadhali usimnyweshe kitu chochote mnyama wa namna hiyo, hata kama ni maji ya kunywa tu.

Yule muuzaji hakuyatunga maneno yake hewani, na ni haki nimtendee uadilifu kwa kueleza yametoka wapi. Kwanza, furosemidi ni dawa halali ya ng'ombe wa maziwa, ila iliidhinishwa kwa ajili ya kiwele kinachovimba maji wakati wa kuzaa, jambo ambalo wafugaji wa Rungwe wanalijua sana. Pili, ipo dawa mseto ya ndigana kali iliyochanganya parvakwoni na furosemidi katika chupa moja, kwa sababu ndigana kali iliyokomaa hujaza mapafu povu. Hapo ndipo watu wengi huchanganya mambo. Ndigana kali haisababishwi na bakteria, bali na kijidudu cha kundi jingine kabisa, Theileria parva, kinachobebwa na kupe wa kahawia wa masikioni; na hata ndani ya mseto huo anayeua kijidudu ni parvakwoni, furosemidi ni msaidizi wa kupunguza povu. Tatu, vitabu vya tiba ya mifugo hutaja dawa ya kukojoza miongoni mwa tiba za kusaidia kwenye maji moyo yenyewe. Nimewahi kuitumia hivyo, kwa sindano, kwa mnyama aliyekuwa anazama kwa maji ya mapafu, baada ya oksitetrasaiklini kuwa imeshaingia. Wengine walipona, wengine hawakupona, nami sithubutu kusema waliopona walipona kwa sababu yake.

Kwa hao wawili waliobaki, nunua kipimajoto leo. Ni bei ndogo kuliko mfuko mmoja wa pumba. Wapime kwenye njia ya haja kubwa asubuhi na jioni kwa muda wa mwezi mzima. Ng'ombe mzima huwa kati ya nyuzi 38 na 39 na kidogo. Akifika 40 na nusu, hata kama bado anakula, mwite afisa mifugo siku hiyohiyo, kwa maana katika maji moyo homa hutangulia dalili nyingine kwa siku moja au mbili, na hizo ndizo siku ambazo oksitetrasaiklini inashinda. Kipimo chake ni kati ya miligramu 10 na 20 kwa kila kilo ya uzito, kutegemea aina ya dawa. Ng'ombe wa kilo 300 akipewa ile ya kudumu muda mrefu yenye nguvu ya asilimia 20 anahitaji mililita 30, zikigawanywa sehemu zaidi ya moja ya misuli, na maziwa yake hayauzwi hadi siku zilizoandikwa kwenye lebo ziishe. Mbuzi waogeshwe kwa dawa ya kupe, na banda lao lihamishwe mbali, lile la zamani linyunyiziwe hadi kwenye nyufa za mbao. Kupe mmoja mmoja mng'oe kila jioni bila kungoja siku ya kuogesha, kwa kuwa kupe huyu huhitaji zaidi ya siku nzima ya kunyonya kabla hajaanza kupitisha bakteria.

Akifa mwingine, Mungu apishe mbali, usimzike kwanza. Kinachothibitisha maji moyo ni kipande kidogo cha ubongo kilichopakwa kwenye kioo na kutiwa rangi, ambapo bakteria huonekana ndani ya kuta za mishipa wakiwa vishada vya punje za zambarau, kama ulezi uliomwagika. Wakala wa Maabara ya Veterinari una kituo chake Iringa kwa nyanda zetu hizi. Kazi ya kufungua kichwa mwachie mtaalamu mwenye glavu, kwa sababu kichaa cha mbwa nacho humfanya ng'ombe atafune hewa na kutangatanga, na mate yake hayataniwi.

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha sita hapa Iringa, nasoma Fizikia, Kemia na Baiolojia. Naelewa kwamba dawa ya kukojoza si antibiotiki. Ninachoshindwa kuelewa ni jinsi watafiti wanavyoweza kusema dawa ya figo ina uhusiano na bakteria wa kupe. Uhusiano huo ni wa aina gani, na kwa nini usifikishwe kwa wafugaji? — Mwanafunzi, Iringa

JIBU: Swali lako ni zuri kuliko habari nyingi zinazoandikwa juu ya jambo hili. Neno "uhusiano" katika karatasi za utafiti linabeba mizigo ya aina tofauti, na msomaji anayelipokea bila kuufungua mzigo hubeba asichokijua.

Kuna aina ya kwanza ambamo dawa ni chombo cha kuulizia swali tu. Amiloridi ni dawa ya kukojoza ya siku nyingi, na yeye pamoja na ndugu zake wa kikemia wana tabia ya kuzuia seli zisimeze matone ya maji yanayozizunguka. Mtafiti anayetaka kujua bakteria fulani huingia ndani ya seli kwa mlango gani anaweza kuziwekea seli dawa ya namna hiyo na kuhesabu bakteria waliofanikiwa kuingia. Wakipungua, amejifunza kuhusu mlango. Hajagundua tiba, wala hakuwa akiitafuta, na kiwango cha dawa alichomimina kwenye kisahani cha maabara huenda kisivumiliwe na mwili wa kiumbe chochote.

Aina ya pili ni ile ya kupekua makabati ya dawa za zamani. Kutengeneza dawa mpya huchukua miaka mingi na fedha nyingi, basi watafiti huchukua dawa ambazo usalama wake umeshajulikana, wakazijaribu moja moja juu ya bakteria. Nikupe mfano ambao baba yako, kama anafuga, ataufurahia. Klosanteli, dawa ya minyoo ya ini ambayo tunawapa kondoo na ng'ombe wa mabondeni, ilijaribiwa na maabara ya Rikihisa katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio nchini Marekani, na matokeo yakachapishwa mwaka 2006. Ilionekana kuwadhoofisha Ehrlichia chaffeensis na Anaplasma phagocytophilum, ambao ni bakteria wa kupe wanaowapata binadamu huko, kwa kuzima protini ambazo bakteria hao huzitumia kutambua mazingira yaliyowazunguka. Ni ugunduzi wa kupendeza. Miaka mingi imepita tangu hapo, na mgonjwa wa bakteria hao bado anaandikiwa doksisaiklini, antibiotiki ya kundi moja na oksitetrasaiklini. Vivyo hivyo, maabara ya Carlyon huko Virginia imeonyesha kwamba desipramini, dawa ya zamani ya sonona, humvuruga Anaplasma kwa kuharibu njia ya mafuta anayoyaiba kutoka kwenye seli ya mwenyeji wake.

Utagundua kitu kinachojirudia. Bakteria hawa wa kupe, yaani jamaa za Ehrlichia, Anaplasma na Rickettsia, huishi ndani ya seli zetu na hutegemea mitambo yake kwa kila kitu, ndiyo maana dawa iliyotengenezwa kwa ajili ya seli za figo au za ubongo inaweza kumuudhi mpangaji aliyemo ndani. Kati ya kumuudhi kwenye kisahani na kumponya ng'ombe wa kilo 300 bandani kuna ngazi nyingi: kwanza panya, kisha mnyama mwenyewe, kisha kipimo kinachofika kwenye kiungo chenye ugonjwa bila kuleta madhara, kisha kulinganisha na dawa iliyopo. Ngazi hiyo ya mwisho ndiyo inayoangusha wengi. Oksitetrasaiklini iliyowahi ni dawa nafuu na inafanya kazi, hivyo mgeni anayetaka kiti chake lazima aje na jambo la ziada. Ukifika chuo kikuu na bado swali hili linakuwasha, nenda SUA Morogoro ukasome veterinari.

SWALI: Kamwene Daktari. Mimi ni mwalimu mstaafu wa Mafinga, nina umri wa miaka 67, na ninatumia haidroklorothiazidi ya presha kila asubuhi. Mwezi uliopita nilikwenda na wajukuu kwenye Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Niliporudi, baada ya siku saba hivi nilipata homa, kichwa kikauma sana, na nyuma ya goti nikaona kidonda kidogo chenye gamba jeusi. Zahanati walinipa doksisaiklini, na sasa nina nafuu. Jirani ananiambia kwamba nisingeumwa zaidi ya hapo kwa kuwa dawa ya presha imenikinga. Mwingine ananiambia niiache presha nikiwa kwenye doksisaiklini, zitagombana. Nani mkweli? — Mwalimu mstaafu, Mafinga

JIBU: Kamwene, Mwalimu. Mimi ni daktari wa mifugo, kwa hiyo barua yako niliisoma pamoja na mfamasia rafiki yangu hapa Mbeya, na maelezo ya dawa za binadamu yaliyomo humu ni yake.

Hakuna aliye mkweli sawasawa. Kidonda chenye gamba jeusi, homa na maumivu ya kichwa baada ya kupita porini ni sura ya homa ya kupe ya Kiafrika, inayoletwa na Rickettsia africae. Mbebaji wake ni jamaa yuleyule wa kupe wa rangirangi niliyemweleza mfugaji wa Kiwira, na kwa bahati njema ugonjwa huu kwa watu wengi si mkali. Umepona kwa sababu ulipewa dawa yake. Haidroklorothiazidi haikukinga na chochote.

Kuhusu kugombana, usiache dawa ya presha kwa maneno ya jirani. Presha iliyopanda ghafla kwa mtu wa miaka 67 ni hatari kubwa kuliko homa uliyokwisha kuitibu. Yapo hata hivyo mambo matatu ambayo zahanati ingependa uyajue. Dawa zote mbili, kila moja kwa upande wake, huifanya ngozi iungue upesi juani, na jua la Mafinga linadanganya kwa kuwa hewa ni baridi. Vaa kofia pana na mikono mirefu ukienda kwenye miti yako ya mbao au shambani. Homa hukausha mwili na dawa ya kukojoza huukausha zaidi, kwa hiyo ukisikia kizunguzungu unapoinuka kitandani, rudi upimwe presha na figo, kwa maana tangu zamani dawa za kundi la tetrasaiklini zikikutana na dawa za kukojoza zimejulikana kupandisha uchafu wa urea kwenye damu, ingawa doksisaiklini ina nafuu kuliko ndugu zake. Na kidonge chenyewe kimeze ukiwa umekaa wima, kwa glasi nzima ya maji, usilale mara baada ya hapo, kwa kuwa kikinata kooni huchoma. Dawa za kiungulia zisiandamane nacho.

SWALI: Ng'ombe wangu wa kienyeji anakojoa mkojo mwekundu kama juisi ya rozela. Nimeambiwa ni ndigana baridi, na kwamba nimpe dawa ya kukojoza ili asafishe figo. Nimpe? — Mfugaji, Mbarali

JIBU: Usimpe. Ndigana baridi huletwa na bakteria, Anaplasma marginale, lakini haigeuzi mkojo kuwa mwekundu. Humfanya ng'ombe apauke kisha awe wa manjano machoni na kwenye ufizi, huku kinyesi kikiwa kigumu. Mkojo mwekundu pamoja na homa huashiria zaidi babesia, kijidudu ambacho si bakteria na ambacho dawa yake ni nyingine. Figo za ng'ombe huyo zinahangaika kupitisha rangi ya damu iliyopasuka, na kinachozisaidia ni maji ya kutosha mwilini. Mpigie afisa mifugo leo. Wakati unamsubiri, kinga mkojo kidogo kwenye chupa safi inayoonyesha ndani, uiache mahali tulivu kwa saa mbili bila kuitikisa. Wekundu ukituama chini na juu pakabaki maji meupe, hiyo ni damu nzima inayotoka kwenye njia ya mkojo, na afisa mifugo atataka kujua kama ng'ombe amewahi kulishwa milimani penye kangaga. Chupa ikibaki nyekundu sawasawa kutoka juu hadi chini, mwambie hivyo kwenye simu, aje na dawa ya babesia mfukoni.